Mstari, Duaradufu na Sanduku: Tujifunze Kuchora Mradi Kabla ya Kuujenga

Vikundi vyetu vingi vya maendeleo vina kitabu cha kumbukumbu, kitabu cha hesabu na muhuri. Lakini ukiomba uonyeshwe mchoro wa kile kinachokusudiwa kujengwa, wanakamati hutazamana. Mchoro, wanasema, ni kazi ya injinia, au ya yule kijana aliyesoma. Sisi wengine tutaongea tu, fundi ataelewa.

Hapo ndipo pesa hupotelea. Chukua maneno haya mawili: "tangi kubwa". Watu thelathini wamekaa chini ya mti, wamekubaliana kwa kauli moja kujenga tangi kubwa la maji ya mvua, na mkutano umefungwa kwa maombi. Mmoja wao anafikiria tangi la upana wa mita 2 na kimo cha mita 2. Mwingine amekwisha kuona la shule fulani, lenye upana wa mita 2.6 na kimo kile kile. Tofauti ni sentimita 60 tu, si ndio? Lakini la kwanza linaingia lita 6,280 na la pili lita zaidi ya 10,600. Simiti haiwi ile ile, waya hauwi ule ule, na mchango wa kila mwanachama hauwi ule ule. Ugomvi unaanza ukuta ukiwa umefika kiunoni, na wakati huo hakuna wa kulaumiwa, kwa maana kila mtu alisema kweli kulingana na tangi lililokuwa kichwani mwake.

Kuna hasara nyingine isiyoingia katika kitabu cha hesabu. Mwenye penseli ndiye anayeamua. Akija mgeni na mchoro wake tayari, akina mama ambao ndio watakaoteka maji, na ndio waliotoa shilingi zao kila wiki, huutazama kwa heshima na kusema "ni sawa". Hawawezi kusema bomba liko chini mno kwa mtungi, kwa sababu hawana jinsi ya kuonyesha lingekuwa wapi. Kumbe kama mmoja wao angeweza kuchukua chaki akachora lile tangi upya na bomba likiwa mahali pake, maneno yangekwisha kwa dakika mbili.

Tunasema hivi kwa sababu kuchora kwa namna hii si kipaji. Kipaji ni kuchora uso wa mtu ukafanana naye. Kuchora tangi, choo, benchi, banda la kuku au jiko kunahitaji vitu vitatu tu ambavyo mkono wowote unaweza kuvizoea: mstari ulionyooka, duara lililolazwa ambalo vitabu vya hesabu huliita duaradufu, na sanduku. Karibu kila kitu tunachojenga kijijini ni sanduku, au ni mcheduara kama debe, au ni viwili hivyo vikiunganishwa. Luka 14, habari za mtu anayetaka kujenga mnara, tumehubiriwa mara nyingi. Ambayo hatuisikii sana ni Ezekieli 4, pale nabii anapoamriwa atwae tofali, aliweke mbele yake na kuchora juu yake mji wa Yerusalemu. Hakupewa karatasi wala rula. Alipewa tofali.

MKONO KWANZA

Basi tuanze na karatasi isiyo na thamani. Mfuko wa simiti ukipasuliwa unatoa karatasi kubwa, ngumu, ya bure. (Ukung'ute nje, umejifunika pua. Vumbi la simiti si zuri kwa kifua.) Kalenda ya mwaka uliopita nayo ina upande mweupe. Tunapendekeza biro badala ya penseli, na watu hushangaa, lakini sababu yake ni rahisi: penseli inafutika, na mwenye raba huchora akiwaza kufuta. Biro inakulazimisha kufikiri kwanza.

Weka nukta mbili, umbali wa shibiri moja. Sasa usikimbilie kuchora. Peleka biro hewani kutoka nukta ya kwanza hadi ya pili, mara tatu nne, bila kugusa karatasi, mpaka mkono uizoee njia. Macho yatazame nukta ya mwisho, si ncha ya biro. Hata mwendesha baiskeli hatazami gurudumu. Halafu gusa karatasi upite mara moja, bila kusita.

Mkono usogee kutoka begani. Kifundo cha mkono ni cha kuandikia barua. Kikipewa mstari mrefu hukizunguka pale pale kilipo, na mstari hutoka umepinda kama upinde. Kiwiko nacho hupinda, ila kidogo. Bega likisogea na mkono mzima ukafuata, mstari unanyooka. Mwanzoni utajiona kama unapiga deki, lakini baada ya siku tano sita utaona tofauti.

Mstari ukienda kombo, uache hivyo hivyo. Usiutie mwingine juu yake, ukiurekebisha vipande vipande mpaka uwe na manyoya kama kifaranga. Mstari mmoja uliokosa njia kidogo unasomeka. Ule wenye manyoya hausomeki, kwa sababu anayetazama hajui ukuta ni upi kati ya mitano hiyo. Afadhali uhamie mahali pengine kwenye karatasi, uweke nukta mbili mpya.

Jaza ukurasa mmoja kila siku, dakika kumi au kumi na tano. Siku nyingine chora mistari mingi ikitoka nukta moja na kutawanyika kama vijiti vya fagio, maana utaihitaji tutakapofika kwenye sanduku. Wale wanaofundisha mikutano wafanye zoezi lilo hilo kwa chaki ubaoni, wakiwa wamesimama, kwa sababu mkono uliozoea meza hushangaa ukikutana na ukuta.

SUFURIA NDIYO MWALIMU

Duaradufu ndiyo huwashinda wengi, na tungependa tukae hapo kidogo.

Jaza sufuria maji, uiweke mezani. Simama uitazame kutoka juu kabisa: mdomo wake ni duara. Anza kuchuchumaa polepole. Lile duara linajibana, linakuwa duaradufu pana, halafu nyembamba, na macho yako yakifika sawasawa na mdomo wa sufuria, hakuna duara tena. Kuna mstari tu. Endelea kushuka mpaka sufuria iwe juu ya macho yako na mdomo utaanza kupinda upande wa pili, kama upinde wa mvua. Sufuria haijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali macho yalipo.

Ukilielewa hilo umeelewa nusu ya kazi. Maana yake ni kwamba duara lililo karibu na usawa wa macho huonekana jembamba, na lililo mbali na usawa huo, juu au chini, huonekana pana zaidi. Sasa tazama watu wanavyochora debe. Juu wanaweka duaradufu nzuri, chini wanapiga mstari ulionyooka, kwa sababu akili inawaambia kwamba debe limekaa sawasawa juu ya meza. Debe hilo huonekana kama limekatwa kwa panga. Kama macho yako juu ya debe, sehemu ya chini iko mbali zaidi na usawa wa macho kuliko mdomo, kwa hiyo ukingo wa chini lazima upinde kuliko wa juu.

Kosa la pili ni ncha. Duaradufu haina pembe popote. Ukichora mapinde mawili na kuyakutanisha kando, utapata jani la mwembe, si mdomo wa sufuria. Hata pale kando kabisa, mstari unageuka kwa mviringo, haraka lakini bila kuvunjika. Dawa yake ni kuzungusha mkono hewani mara kadhaa, halafu ugusa karatasi na kuzunguka mara mbili kabla ya kuinua biro. Mizunguko miwili ikikaribiana, mkono umeanza kutii. Kwa mazoezi, chora mistari miwili sambamba, uache nafasi ya vidole viwili, kisha ujaze nafasi hiyo kwa duaradufu zinazogusa mstari wa juu, mstari wa chini na jirani yake. Zifanye nyembamba, halafu pana, halafu zilizoinama.

Kwa tangi, anza na mstari mmoja mwepesi wa katikati unaosimama wima, kama nguzo iliyopita ndani yake. Duaradufu ya juu na ya chini zikatishe mstari huo, urefu wake ukiwa mraba na nguzo, pande zote mbili sawa. Kanuni hiyo haibadiliki hata tangi likilala, hata likiwa bomba lililoinama au gurudumu la mkokoteni: urefu wa duaradufu hukata mraba ile ekseli yake. Ukikuta gurudumu ulilochora linaonekana limepinda, angalia hapo kwanza.

Tukirudi kwa tangi letu la kimo cha mita 2: mtu mzima aliyesimama kando yake ana macho kwenye mita 1.5 au 1.6 hivi. Kwa hiyo mdomo wa tangi uko juu ya macho yake, na mfuniko hauonekani. Ukilichora alivyoliona, mkutano utauliza mtoto atazuiwaje asitumbukie. Ni heri uchore kama uliyepanda mwembe, ukitazama chini, ili mfuniko, chujio na bomba la kutoka kwenye mabati vyote vionekane. Huo si udanganyifu. Ni kuchagua pa kusimama.

SANDUKU, NA MABENCHI YA KANISA

Jumapili ijayo, fika mapema, usimame katikati ya mlango mkubwa wa kanisa utazame madhabahuni. Fuata kwa macho ncha za mabenchi ya kulia na ya kushoto. Zinapoenda mbele zinakaribiana, na zinaonekana kupanda. Sasa tazama mahali kuta zinapokutana na paa. Mistari hiyo nayo inakaribiana, lakini inashuka. Ukiirefusha yote kwa mawazo, ile ya chini inayopanda na ile ya juu inayoshuka, itakutana katika nukta moja, na nukta hiyo iko kwenye kimo cha macho yako mwenyewe. Kaa kwenye benchi la nyuma, na nukta itashuka nawe.

Jambo hilo lote wanaliona, lakini kulichora kwa kanuni kulichukua muda mrefu. Ilikuwa mwanzoni mwa karne ya 15, huko Florence, Italia, ambapo fundi na mjenzi Filippo Brunelleschi alilionyesha kwa kuchora jengo la ubatizo lililo mbele ya kanisa kuu la mji huo. Mwaka 1435 Leon Battista Alberti akaziandika kanuni hizo kitabuni. Kwa hiyo anayeona ugumu leo asijidharau.

Kwenye karatasi fanya hivi. Piga mstari uliolala, huo ni usawa wa macho. Weka nukta mbili juu yake, moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Katikati, chini ya mstari, simamisha mstari mfupi ulio wima: hiyo ndiyo kona ya sanduku iliyo karibu nawe. Kutoka ncha yake ya juu na ya chini peleka mistari myepesi kwenye nukta ya kushoto, na mingine miwili kwenye nukta ya kulia. Kata kila upande kwa mstari wima mahali unapotaka ukuta uishie. Kutoka ncha za juu za mistari hiyo miwili, peleka tena mistari kwenye nukta za upande wa pili. Itakapokatana, umepata sehemu ya juu ya sanduku. Mistari iliyo wima inabaki wima.

Nukta ziwe mbali. Zikikaribiana sana kona ya sanduku inachongoka kama omo la mashua, na hakuna atakayeamini kwamba ni choo. Karatasi ikiwa ndogo, weka nukta nje yake, mezani au sakafuni kwa chaki. Baada ya masanduku hamsini hutahitaji kuziweka tena. Jicho litajua lenyewe mstari unaelekea wapi. Lakini kwa hayo hamsini ya kwanza tunashauri uchore hata pande zisizoonekana, kana kwamba sanduku ni la kioo, halafu uchukue biro ya rangi nyingine na kurefusha kila mstari unaokwenda mbali. Ukiona mistari miwili ya upande mmoja inatawanyika badala ya kukaribiana, umejua kosa lilipo bila kuuliza mtu.

Sasa kuna ujanja mmoja ambao mafundi wanaupenda. Ukitaka katikati ya ukuta uliochorwa hivi, usipime kwa rula, kwa sababu nusu ya mbali huonekana fupi kuliko ya karibu. Piga mistari miwili kutoka pembe hadi pembe. Inapokatana ndipo katikati. Simamisha hapo mstari wima, na kilele cha paa kitakaa juu yake bila kuonekana kimeinama. Shimo la mviringo kwenye slabu hupatikana hivyo hivyo: chora mraba kwanza, tafuta katikati yake, halafu weka duaradufu inayogusa kila upande katikati.

CHOO CHA KIKUNDI

Tuseme kikundi kinataka choo cha shimo chenye bomba la hewa, kile kilichobuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970. Nyumba yake ni sanduku lililosimama. Paa ni ubao mmoja ulioinama, kwa hiyo ukuta mmoja unauchora mrefu kuliko mwenzake. Bomba ni debe refu jembamba linalosimama nyuma, na duaradufu yake ya juu ni ndogo, lakini hapo ndipo penye kazi yote. Bomba lipite paa kwa nusu mita hivi ili upepo uvute harufu, na mdomo wake ufungwe kwa wavu ili nzi wanaofuata mwanga kutoka shimoni wanaswe humo. Bomba lililoishia chini ya paa, au lisilo na wavu, halifanyi kazi iliyolipiwa. Maneno "weka bomba" hayasemi hayo. Mchoro unayasema hata kwa asiyejua kusoma.

Ukichora hicho choo pamoja na njia ipitayo karibu na nyumba iliyo jirani, mama mmoja atasema: mlango huu unatazama njia, sisi hatutaingia humo. Futa (ndiyo sababu hapa tunatumia chaki), zungusha mlango, endelea. Kubadilisha mlango ubaoni ni bure.

Lakini mchoro wa sanduku una uongo mmoja ambao lazima kamati iujue. Pande zinazokwenda mbali zimefupishwa, kwa hiyo haupimiki. Usimpe fundi achukue rula na kuhesabu. Yeye mpe mchoro mwingine ulio bapa, mmoja wa kutoka juu na mmoja wa kutoka mbele, wenye vipimo vya mita vilivyoandikwa kwa tarakimu. Wa sanduku ni wa wanachama, ili wote waone kitu kimoja. Ule bapa ni wa kukatia mbao. Tumeona vikundi vikichukua mmoja na kuudharau mwingine, na kila mara kuna upande unaobaki gizani.

MUULIZE ASIYEKUWEPO

Tusidhani kwamba kila mtu anasoma picha kwa namna moja. Husimuliwa kisa cha mwalimu wa afya aliyeonyesha mbu aliyechorwa ukubwa wa kuku, na wenyeji wakamshukuru Mungu kwa kuwa mbu wa kwao ni wadogo. Kiwe kilitokea au hakikutokea, kina ukweli ndani yake. Picha ya kitu kilicho mbali hupunguzwa, na kuna mzee atakayeuliza kwa nini nyumba ya nyuma ni ya watoto. Siyo ujinga. Hiyo ni lugha, naye hajafundishwa. David Werner na Bill Bower, katika kitabu chao cha 1982 cha kuwafunza wahudumu wa afya wa vijijini, walitenga sura nzima kwa ajili ya kutengeneza na kutumia picha.

Kwa hiyo kabla ya mchoro kupelekwa mkutanoni, waonyeshe watu watatu ambao hawakuwepo ulipochorwa: mama mmoja, mzee mmoja na mtoto wa shule. Usiwaeleze chochote. Uliza tu, "Mnaona nini hapa?" halafu unyamaze, jambo ambalo kwa mchoraji ni gumu kuliko duaradufu. Wakisema ni sanduku la barua, usibishane nao. Ongeza mtu amesimama mlangoni, ili ukubwa ujulikane kutokana na mwili wake, kichwa chake kikiwa chini kidogo ya kizingiti cha juu. Mtu mmoja aliyechorwa kwa mistari sita hufanya kazi kuliko maelezo ya ukurasa.

Wengi wetu tuliosoma chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, tuligusa mambo haya katika vipindi vya sanaa na ufundi, mpaka mtihani wa darasa la nane ulipopunguzwa masomo mwanzoni mwa miaka ya 2000 na penseli ikawekwa kando. Watoto wa mtaala wa umilisi wanafundishwa sanaa tena. Mwambieni mmoja awachoree sanduku. Huenda akawa ndiye mwalimu wa kikundi.

Mchoro ukikubaliwa, uhamishwe kutoka ubaoni hadi kwenye karatasi ya manila, uandikwe tarehe, na mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina watie sahihi, pamoja na fundi. Nakala moja ibandikwe ndani ya mlango wa stoo, mahali fundi anapochukulia simiti kila asubuhi.